Mwongozo wa Kuandaa Safari ya Dana: Kutoka Colombo hadi Nyumba za Watawa, Makao ya Wazee na Makao ya Watoto

Katika makao mengi ya wazee nchini Sri Lanka, huwekwa karibu na jiko daftari refu la mistari ambamo huandikwa jina la kila familia au kikundi kilichoahidi kuleta chakula cha siku fulani. Msimamizi wa makao mamoja katika wilaya ya Kandy aliponifungulia daftari lake kwa mara ya kwanza, ukurasa wa Mei, mwezi wa Vesak, sikukuu kubwa ya kumkumbuka Buddha, ulikuwa umejaa hadi pembeni, siku nyingine zikiwa na majina matatu, na akanieleza kwamba keki za siku hizo huishia kugawiwa majirani kwa sababu wazee wanakuwa wameshashiba. Alipofunua ukurasa wa Septemba, palikuwa na majina manne tu. Tangu siku hiyo nimeshika neno moja ambalo ndilo msingi wa mwongozo huu: safari ya sadaka hupangwa kwa kalenda, saa na rafu ya mpokeaji, na mtoaji ndiye anayejipinda kuzifuata.

Ninawaandikia wale wanaosafiri na vikundi vya Wabudha wa Kisinhala, jamii iliyo kubwa zaidi Sri Lanka, wawe Wabudha wenyewe au marafiki wanaowasindikiza. Afrika Mashariki watu hao wapo: hekalu la Upanga, Dar es Salaam, lina mizizi katika jumuiya ya Wasinhala ya miaka ya 1920, na karibu na Entebbe kuna kituo cha Kibudha kilichoanzishwa na mtawa mzaliwa wa Uganda. Neno lenyewe, dana, ni la Kipali, na maana yake ni kutoa. Msomaji wa pwani halitamshangaza, kwani kama familia ya marehemu ipikavyo arobaini, ndivyo familia ya Kisinhala itoavyo dana siku ya saba, mwezi wa tatu na mwaka unapotimia, ili thawabu ya chakula hicho imfikie aliyetangulia.

Hatua ya kwanza: kuchagua siku

Kila siku ya mwezi mpevu, iitwayo Poya, ni sikukuu ya umma nchini Sri Lanka, na mtu mgeni huona kwamba hiyo ndiyo siku bora ya safari kwa kuwa kila mtu yuko likizoni. Kwa kikundi kidogo kinachokwenda hekalu la jirani jambo hilo ni sawa. Kwa kikundi cha watu thelathini au arobaini kinachotoka Colombo, Poya ina maana ya barabara zilizosongamana, mahekalu yaliyojaa waumini waliovaa nyeupe wakishika amri nane za maadili tangu alfajiri, na watawa wasio na nafasi ya kuwapokea. Epukeni hasa Vesak mwezi Mei, Poson, sikukuu ya kuingia kwa Ubudha kisiwani, mwezi Juni, na siku za Mwaka Mpya wa Wasinhala na Watamili katikati ya Aprili, ambapo wapishi na wahudumu wengi huenda kwao.

Kipindi cha Vas, yaani miezi mitatu ya watawa kutulia mahali pamoja wakati wa mvua, huanza Julai na kwisha Oktoba. Watawa hupatikana kwa urahisi wakati huo, lakini kila hekalu huwa tayari lina wafadhili wake waliokwisha kugawana siku. Sherehe ya Katina inayofuata, ambapo vazi moja hutolewa kwa hekalu mara moja tu kwa mwaka, waachieni wanakijiji wa hapo. Wameingojea mwaka mzima, na kikundi cha mjini kikija na fedha nyingi huwapokonya zamu yao hata kama hakikukusudia. Kwa makao ya wazee, ulizeni daftari lina nafasi tupu wapi, kisha chagueni hapo.

Hatua ya pili: kwenda kuuliza kabla ya kununua chochote

Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayoamua kama safari itafaa. Wiki nne au tano kabla ya safari, watumeni watu wawili au watatu waende wenyewe. Kwenye hekalu, mwaliko wa watawa hupelekwa kwa heshima na fungu la majani ya tambuu, yale yale yanayotafunwa Unguja na Mombasa, yakitolewa kwa mikono miwili mbele ya mtawa mkuu, ambaye huitwa Hamuduruwane wala haitwi kwa jina lake. Baada ya salamu, zungumzeni pia na halmashauri ya wafadhili wa hekalu, dayaka sabha, kwa sababu wao ndio wanaojua paa linavuja wapi na bili ya umeme imefika wapi. Mtawa mwenyewe, ukimuuliza anahitaji nini, atakwambia hana haja ya kitu.

Ulizeni maswali ya wazi: Watawa ni wangapi, na wangapi kati yao ni samanera, watawa wachanga ambao bado ni watoto wa shule? Nani anaumwa kisukari au shinikizo la damu? Je, watawa hawa hula samaki, au hekalu limeamua kutopokea nyama? Kanuni za utawa zinamruhusu mtawa kula nyama ikiwa hakuona, hakusikia wala hashuku kwamba mnyama alichinjwa kwa ajili yake, lakini vikundi vingi huleta mboga tupu, nami nadhani hilo ndilo jepesi kwa kila mtu.

Kisha kuna suala la yale mafurushi yaliyofungwa kwa karatasi ya nailoni inayong'aa, yanayouzwa madukani kwa jina la ata pirikara, vitu vinane vya mtawa: nguo tatu za utawa, bakuli, mkanda, wembe, sindano na kichujio cha maji. Ni zawadi ya heshima kubwa, na kikundi kikipenda kuitoa moja kwa jina la marehemu wao, waitoe. Lakini nimeona katika stoo ya hekalu moja mafurushi hayo yamepangwa hadi dari, vumbi juu yake, na nilipofunguliwa moja, kitambaa kilikuwa chepesi hata mwanga ulipita, tena kifupi kisichomfikia mtu mzima vifundoni. Ulizeni kipimo, nunueni kitambaa kizuri cha nguo mbili tatu, na fedha iliyobaki iende kwenye miwani ya kusomea, dawa za meno, dawa za kuchua, au betri za tochi za njia ya msituni.

Kwenye makao ya wazee orodha huwa tofauti kabisa na ile tuliyoifikiria. Nepi za watu wazima huongoza karibu kila mara, kwa sababu ni ghali na hakuna anayefikiria kuzileta. Hufuata mashuka, sabuni ya unga, dawa ya kusafishia sakafu, dengu, mchele na maziwa ya unga. Mwaka 2022, petroli na gesi ya kupikia zilipokosekana nchini kote, majiko mengi yalirudi kwenye kuni, na chakula kibichi kilicholetwa kwa wingi hakikuwa na moto wa kukipika. Kwa hiyo ulizeni pia makao yanapikia nini.

Jambo la tatu la kuuliza ni kibali. Makao ya watoto yako chini ya idara ya mkoa inayoshughulikia uangalizi na malezi ya watoto, na ziara ya kikundi huhitaji ruhusa iliyoandikwa. Ombeni mapema, msimamizi anayewaruhusu kwa maneno ya simu tu anawatia nyinyi na yeye mwenyewe katika shida.

Hatua ya tatu: fedha na ununuzi

Chagueni mweka hazina mmoja na mtu mwingine wa kuhesabu naye. Kila mchango uandikwe, kila risiti itunzwe, na fedha za watawa zisichanganywe na za makao, kwa kuwa mtu aliyetoa kwa ajili ya chakula cha wazee alikusudia wazee. Katika nyumba za watawa wa msituni, kama ile ya Na Uyana upande wa Kurunegala, watawa hawagusi fedha hata kidogo. Mchango hukabidhiwa mhudumu asiye mtawa, kappiya, au halmashauri ya wafadhili. Hata katika mahekalu ya mjini ambako hali ni legevu zaidi, fuateni njia hiyo hiyo.

Hatua ya nne: ratiba inayozunguka saa sita

Mtawa wa Theravada, madhehebu ya Kibudha yanayofuatwa Sri Lanka, hali chakula baada ya adhuhuri. Chakula cha asubuhi, heel dana, huliwa mnamo saa kumi na mbili na nusu au saa moja, na cha mchana ni lazima kiwe kimekwisha kabla ya saa sita kamili. Kwa lugha yetu hesabu ni nyepesi kukumbuka: saa sita ikigonga, sahani zimefungwa. Basi likichelewa na kufika saa sita na robo, chakula chote mlichobeba hakitapokelewa, na watawa watashinda njaa hadi kesho yake kwa sababu walikataa mialiko mingine ili wawangojee nyinyi. Sijui kosa la kikundi lililo zito kuliko hilo.

Hesabuni basi kurudi nyuma. Chakula kiwe mezani saa tano kasorobo, ibada fupi ianze kabla yake, kwa hiyo kikundi kiwe kimefika saa tatu. Kutoka Colombo hadi Kandy ni kilomita mia moja na kumi na kitu, lakini barabara hupanda milima, na saa tatu hadi nne za safari ni jambo la kawaida. Ondokeni saa kumi alfajiri. Tena, pikeni huko huko. Mwaka wetu wa kwanza tulibeba mchuzi wa dengu katika sufuria mbili kubwa, vifuniko vimefungwa kwa kamba, na kwenye kona za Kadugannawa sufuria moja ilipinduka. Mama mmoja wa kikundi alisafiri nusu saa iliyobaki amepakata sufuria ya pili, kanga mbili zimekunjwa mapajani pake zisimuunguze, akikataa kupokewa. Tangu hapo hubeba vitu vikavu, na wapishi wanne hutangulia tangu jana yake.

Hatua ya tano: ndani ya nyumba ya watawa

Vaeni nyeupe, mabega na magoti yafunikwe, viatu na kofia viachwe nje. Msipige picha mkiwa mmeipa mgongo sanamu ya Buddha. Hili wenyeji hulichukulia kwa uzito: mwaka 2014 mwanamke kutoka Uingereza aliyekuwa na chale ya Buddha mkononi alikamatwa alipowasili nchini na kurudishwa kwao, ingawa baadaye Mahakama ya Juu ya Sri Lanka iliamua kwamba haki zake zilivunjwa na alipwe fidia.

Mpangilio wa tendo lenyewe huwa hivi. Kikundi huomba Kimbilio Tatu (kwa Buddha, mafundisho yake na jumuiya ya watawa) na Amri Tano za maadili kwa Kipali, mtawa akitangulia na watu wakimfuatisha. Asiye Mbudha anaweza kukaa kimya kwa adabu, hakuna anayemlazimisha. Sehemu ndogo ya kila chakula hupelekwa kwanza mbele ya sanamu. Kisha watawa huketi kwenye mikeka au viti vilivyotandikwa kitambaa cheupe, juu kuliko mtoaji, na chakula hukabidhiwa kwa mikono miwili. Mwanamke huweza kukabidhi sinia, ila asimguse mtawa.

Hapa pana kanuni chache ambazo vikundi vingi havizijui, na kutozijua huharibu zawadi nzuri. Chakula ambacho mtawa amekabidhiwa mkononi leo hawezi kukila kesho. Kwa hiyo magunia ya mchele na dengu msiyakabidhi kwa watawa; yapelekeni jikoni kwa mhudumu, naye atapika na kukabidhi siku kwa siku. Samli, siagi, mafuta, asali na sukari, vikishakabidhiwa kama dawa, vina siku saba tu. Mtu aliyempa mtawa chupa ishirini za asali kwa mikono yake, kwa upendo mwingi, amempa asali ya wiki moja, na nyingine imempotea. Kwa watawa wa msituni, tunda lenye mbegu inayoweza kuota hutakiwa lichanjwe kidogo kwa kisu na mtu asiye mtawa kabla ya kuliwa; mtawa atauliza kwa Kipali, nanyi mtajibu, “Kappiyam bhante,” yaani linafaa, mheshimiwa, mkilichanja. Kisu kidogo kisikose kapuni.

Watawa wakimaliza kula, vitu vingine vilivyoletwa hutolewa, mawaidha mafupi hufuata, kisha huja sehemu ambayo mimi binafsi huisubiri safari nzima. Familia za waliofiwa huja mbele, hushika birika pamoja, mkono juu ya mkono, na kumimina maji polepole katika bakuli lililowekwa ndani ya sinia, huku watawa wakisoma aya za Kipali zisemazo kwamba kama mito iliyojaa inavyoijaza bahari, ndivyo kinachotolewa hapa kinavyowafikia waliotutoka. Bakuli hujaa, maji hupanda ukingoni, huvimba kidogo kama yanasita, kisha hufurika kwenye sinia. Anayemimina asiharakishe, na mpiga picha asimsogelee. Watu wote husema “Sadhu”, yaani vema, mara tatu. Baada ya hapo ndipo kikundi hula.

Mchana ukishapita, kinachoweza kutolewa kwa watawa ni vinywaji vya jioni tu, gilanpasa: chai ya rangi, maji ya giligilani yaliyochemshwa, sharubati iliyochujwa, na kipande cha sukari guru ya mti wa kitul. Msitie maziwa.

Nyumba za watawa wa kike

Wapangeni katika ratiba kwa makusudi, kwa sababu wasipokusudiwa husahauliwa. Wapo dasa sil mata, wanawake wanaoshika amri kumi, na wapo bhikkhuni, watawa kamili wa kike, ambao safu yao iliyokatika kwa karne nyingi ilifufuliwa na upadrisho wao ukafanyika Dambulla mwaka 1998. Makao yao kwa kawaida ni madogo, mbali na barabara, na wafadhili wao ni wachache mno wakilinganishwa na wa watawa wa kiume. Adabu ni ile ile na saa sita ni ile ile. Taulo za kike kwa wasichana wanaosoma hapo hakuna atakayeziomba kwa mdomo. Wanawake wa kikundi wamkabidhi mama mkuu wa nyumba katika mfuko uliofungwa.

Makao ya wazee

Fikeni saa tisa alasiri, baada ya wazee kuamka. Waiteni Achchi na Seeya, yaani bibi na babu. Msiwalazimishe wote kuomba Amri Tano, kwani katika chumba kimoja unaweza kuwakuta Mbudha, Mtamili Mhindu, Mkristo na Mwislamu. Chakula kisicho na nyama huwafaa wote, nacho kiwe laini kwa wasio na meno na kisicho na sukari kwa walio wagonjwa.

Hotuba ziwe za dakika tano. Muda uliobaki, kila mwanakikundi aketi na mzee mmoja au wawili, akate kucha, achane nywele, asikilize. Achchi mmoja aliniomba nimtungie uzi sindanoni, kwa kuwa macho yake hayaoni tena tundu. Nilipomaliza sindano ya kwanza akatoa nyingine, na nyingine, hadi zikawa kumi na mbili, sita za uzi mweusi na sita za uzi mweupe, akazichoma kwa safu kwenye kimto kidogo na kukiweka chini ya mto wake. Tangu mwaka ule sanduku letu la safari lina sindano, nyuzi na miwani ya kusomea ya nguvu mbalimbali.

Mahali palipo na kazi ya mikono, fanyeni kazi. Mwaka 1958, A. T. Ariyaratne, mwalimu wa Chuo cha Nalanda cha Colombo, aliwapeleka wanafunzi wake katika kijiji cha Kanatoluwa wakafanye kazi pamoja na wanakijiji, na kutoka hapo ikakua harakati ya Sarvodaya na desturi ya shramadana, sadaka ya nguvu, ambayo watu wa Tanga na Upare wataitambua kama msaragambo. Vijana kumi wakisafisha mfereji na kupaka chokaa ukuta wa bafu kwa saa mbili, makao hupata kitu ambacho fedha zake hazikukitosha.

Makao ya watoto

Wengi wa watoto hawa wana mzazi aliye hai. Umaskini au ndoa iliyovunjika ndiyo iliyowaleta, au mama amekwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wasomaji wangu walioko Omani na Emirati huenda wanafanya kazi pamoja na mama kama huyo. Kwa hiyo msiwaite yatima mbele yao, wala msiwaulize wazazi wako wapi. Msipige picha za nyuso. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto. Asiahidi kurudi yule asiyejua kama atarudi, kwani mtoto huhesabu siku.

Serikali hugawa vitabu vya kiada na vitambaa vya sare bila malipo, basi nunueni kile kisichogawiwa: viatu vya shule kwa namba iliyopimwa, mabegi, madaftari. Zawadi zote zilingane, na zikabidhiwe msimamizi agawe mwenyewe jioni mkiwa mmekwisha kuondoka. Nyinyi chezeni nao mpira wa wavu au kriketi.

Kabla ya basi kuondoka

Hesabuni vyombo mlivyoazima, fagieni jiko, na taka zenu zirudi nanyi Colombo. Wiki inayofuata mweka hazina asome hesabu mbele ya wanakikundi wote, pamoja na senti iliyobaki. Lakini jambo moja lifanyike pale pale, kabla ya injini kuwashwa: mwenyekiti aende kwa msimamizi wa makao ya wazee, aombe lile daftari la karibu na jiko, afunue hadi mwezi wenye mistari mitupu, na aandike jina la kikundi kwa kalamu ya wino, pamoja na namba ya simu ya mtu atakayepokea.